Mageuko ya viumbe ni "ya wazungu"? Uzi kidogo

Kila mtaala ukiguswa, hakosi mtu wa kusimama mkutanoni ama redioni aseme watoto wetu wanafundishwa mambo ya wazungu, eti tulitoka kwa nyani. Hebu tuangalie historia.

Hiyo ya nyani tuitoe kwanza. Nadharia haisemi nyani alizaa mtu. Inasema binadamu na sokwe wana babu mmoja, aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. (Na si yale "mageuzi" tunayoahidiwa kila uchaguzi. Hayo ni mengine.)

Sasa, ya wazungu? 1984, Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto. Watu wengine wangekikanyaga wapite. Hapo ndipo alipopatikana Mvulana wa Turkana, mifupa ya karibu mwili mzima, ya miaka kama milioni 1.5. Kimeu alikuwa mtu wa Ukambani, hakusoma chuo kikuu. Alianza kama kibarua wa kuchimba kule Olduvai, Tanzania, mwaka 1960. Sifa nyingi zilienda kwa waliomwajiri, lakini jicho lilikuwa lake.

Shuleni nako, vita havikuwa vikali vile watu hudhani. Makanisa ndiyo yalijenga shule nyingi, na Sheria ya Elimu ya 1968 ikayaacha kama wafadhili huku serikali ikishika walimu na mtaala. Matokeo yake, katika 8-4-4 mwanafunzi alisoma uumbaji kidato cha kwanza kwenye somo la dini ya Kikristo, akifika kidato cha nne anapata mageuko kwenye biolojia. Alikariri yote mawili apite mtihani. Kwa maoni yangu, shida ilikuwa hapo: hakuna aliyemsaidia kuyaweka mezani pamoja akauliza maswali.

Mzozo mkubwa ulizuka kwingine kabisa. 2006, Makumbusho ya Nairobi yakikarabatiwa, viongozi wa makanisa ya kiinjili walitaka mifupa hiyo iwekwe chumba cha nyuma, na iandikwe kwamba mageuko ni nadharia tu. Wanasayansi wakakataa. Swali likawa: jumba la umma lionyeshe nini, na nani aamue? Wengi wenye mali, ama ushahidi?

Makumbusho yalifunguliwa tena 2008, Mvulana akiwa kwenye maonyesho. Mabasi ya shule huleta watoto kumwona, yakiwemo ya shule za makanisa.