Ulimwengu Wazi au Ulimwengu Huria?

Mpwa wangu hapa Kapkatet alipata kompyuta iliyokwisha kutumika, akaitia gemu ya Skyrim, na kwa jioni tatu mfululizo tukakaa mbele yake baada ya majani ya chai kupelekwa kituoni. Jioni ya kwanza aliniuliza, "Mjomba, hii 'open world' kwa Kiswahili tuiite nini?" Nikamjibu upesi: ulimwengu wazi. Kufikia jioni ya tatu nililifuta jibu hilo.

Skyrim, kazi ya Bethesda Game Studios ya Marekani, ilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Unaanza ukiwa mfungwa juu ya gari la farasi, mikono imefungwa, unapelekwa kukatwa kichwa. Joka linauvamia mji wa Helgen, unakimbilia ngomeni, unapenya mapangoni hadi utokezee kwenye mwanga. Mpaka hapo njia ni moja. Ukishatoka, mwenzako uliyetoroka naye anakushauri ushike njia ya kijiji cha Riverwood, lakini huo ni ushauri tu. Mpwa wangu aliupa kisogo, akapanda mlima. Mbwa mwitu wakamuua mara mbili, naye akapanda tena. Hakuna aliyemwambia rudi.

Sasa litazame neno "wazi". Mlango uko wazi, nafasi ya kazi iko wazi, mzee anatembea kichwa wazi. Mara nyingi neno hili hutaja kitu kilichokosekana: kizuizi, mwenye nafasi, kofia. Skyrim haikukosa kitu. Imejaa vijiji, makaburi, wahunzi na wezi. Wala haiko wazi kote. Nchi yake imekatwa vipande vya mraba, na kompyuta hupakia kikamilifu vile vinavyokuzunguka tu, kwa kawaida 25, vitano kwa vitano. Milima ya mbali ni sura iliyopunguzwa. Ukifika lango la mji wa Whiterun, mchezo husimama hadi mji upakiwe. Kwenye mashine yetu nilikuwa nahesabu pumzi nikingoja.

Simama kwenye kilima chochote kati ya Litein na Kapkatet. Chai imetandazwa kijani hadi macho yachoke. Lakini jaribu kukatiza shamba hilo moja kwa moja: michai imeshikana kiunoni, inakukwaruza, na mwishowe unarudi kwenye kijia cha wachumaji. Shamba la chai liko wazi kwa macho, ila miguu haina uhuru nalo. Skyrim ni kinyume chake. Ukungu huziba macho, lango hukungojesha, lakini miguu inachagua.

Ndiyo maana nasema "huria". Neno tunalo, na limekwisha kufanya kazi nzito. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, na kwa Kiingereza jina lake lina neno lilelile "open". Hakikuitwa chuo wazi. Jina lake linamtazama mwanafunzi, anayesoma akiwa mbali na darasa na kwa mwendo wake mwenyewe.

Kuna atakayesema huria ni kukosa sheria, kama watu wanavyolalamikia soko huria. Sikubali. Ukiiba mbele ya watu pale Whiterun, askari atakudai faini au akutie ndani; mpwa wangu alilijua hilo kwa kipande kimoja cha jibini. Uhuru ninaousema ni wa kuchagua uende wapi na uanze na lipi.

Aina ya mchezo wenyewe, 'role-playing game', nayo inahitaji jina. "Mchezo wa kuigiza" tayari ni tamthilia. Waigizaji wetu husema fulani "amevaa uhusika", nami nawaazima neno hilo: gemu ya kuvaa uhusika. Linafaa kabisa, maana katika Skyrim unachagua mtu wako kutoka jamii 10, kisha anakuwa kile unachomfanyisha: ukitumia upinde kila siku, mkono wake wa upinde unakomaa.

Wahariri na walimu wa Kiswahili, mnapoandika habari za michezo hii, andikeni "gemu ya ulimwengu huria". Msingoje kamati. Vijana wanaicheza leo, na wanaitaja kwa Kiingereza kwa sababu hatujawapa neno.