Usinge, kipimajoto cha Speke na satelaiti

Usinge ni kituo cha reli kati ya Tabora na Kigoma, jirani na Ziwa Sagara. Pwani iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo, lakini maji ya huku yana undugu na bahari mbili. Mvua zake hutegemea, pamoja na mengine, hali ya Bahari ya Hindi. Zikinyesha, maji yanaingia Malagarasi, Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika, ziwa linatokea Mto Lukuga kwenda Kongo, na Kongo inamwaga Atlantiki.

Katika karne ya 19, nani angejua hayo? Wazungu waliopita na misafara nchi hii walikuwa na swali moja: je, Tanganyika ndiyo chanzo cha Nile? Ili kujibu, ilibidi kwanza wajue ziwa liko juu kiasi gani, maana maji hayapandi mlima.

Richard Burton na John Speke walifika Ujiji Februari 1858, baada ya kupumzika Kazeh, yaani Tabora ya leo. Mizigo ilibebwa na wapagazi. Kupima kimo walichemsha maji, kwa sababu kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kipimajoto chao hakikuwa cha kuaminika. Kiliwapa futi 1,850, kama mita 564. Kimo halisi ni takribani mita 770. Wamekosea mita 200 hivi!

Kwa hesabu hiyo ziwa lilionekana liko chini mno kuilisha Nile. Tena walipofika Uvira, wana wa chifu wa huko waliwaambia wazi: Mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Burton alivunjika moyo. Lakini kufikia 1864, akiwa ameshagombana na Speke, aligeuza maneno: kipimajoto kilidanganya, na Rusizi unatoka ziwani. Kuhusu kipimajoto alikuwa sahihi. Kuhusu mto, wenyeji ndio walikuwa sahihi. Hata hivyo dunia ilisubiri hadi Novemba 1871, Stanley na Livingstone walipokwenda kwa mtumbwi na kuona wenyewe maji yanaingia. Miaka 13, kwa jibu ambalo lilishatolewa bure.

Sasa tuje juu angani. Mwaka 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha satelaiti ya TOPEX/Poseidon, kilomita 1,336 juu ya dunia. Ilituma mawimbi ya rada chini, ikahesabu muda yaliochukua kurudi, na kwa kuwa njia yake ilijulikana vizuri, kimo cha maji kilipatikana. Ilirudia mstari uleule kila baada ya siku 10 hivi. Uso wa bahari, kumbe, si tambarare. Una vilima na mabonde, na miinuko hiyo inaonyesha mikondo inaelekea wapi.

Mwaka 1997 satelaiti hiyo iliona jambo katika Bahari ya Hindi: maji yalishuka upande wa Sumatra, yakapanda upande wetu, yakiwa na joto. Kilichofuata Watanzania wengi wanakikumbuka kwa jina moja tu, El Niño: mvua zisizokoma na mafuriko. Satelaiti ileile ikipita juu ya Tanganyika ilionyesha ziwa limepanda kama mita 2. Chombo kimoja kilikuwa kimeona bahari na ziwa vikiongea.

Satelaiti za aina hiyo zilisoma ukanda mwembamba tu chini yake. Maziwa madogo na mabwawa yaliyoangukia katikati ya mistari yaliachwa. Desemba 2022 ikarushwa SWOT, inayotazama eneo pana na iliyoundwa kupima hata maziwa ya hekta 6. Sagara ni kubwa kuliko hapo, kwa mbali.

Vipimo hivyo viko wazi mtandaoni, ila vimeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Mvuvi wa Usinge anajua maji yalifika mti gani mwaka gani. Satelaiti inajua sentimita, lakini haijui mti. Mwaka 1858 wenye kipimo na wenye mto walikaa pamoja Uvira, wakaongea, na bado upande mmoja haukusikilizwa. Safari hii, anayetakiwa kusogea kwanza ni mwenye kipimo: awafikishie watu wa Sagara namba zao kwa Kiswahili, halafu awaulize kuhusu huo mti.