Sarafu na Sauti Zake

Tangu Alexander Graham Bell alipojaribu, mwaka 1881, kuitafuta kwa umeme risasi iliyozama mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, asifanikiwe, ilmu ya kusaka metali iliyofichika imetaka sikio lenye subira. Walakini waliowatia mtihani mkubwa zaidi watafutaji wa sarafu kwa kigunduzi cha metali, chombo kinacholia kikipita juu ya metali iliyofukiwa, ni wenye kuzifua: robo dola ya Marekani, iliyokuwa na fedha asilimia 90 hadi mwaka 1964, ikageuzwa shaba iliyovikwa shaba na nikeli, na mwaka 1982 senti ikaanza kufuliwa kwa zinki iliyopakwa shaba tu, hata senti mbili zenye sura moja ya Rais Lincoln zikawa zatoa katika chombo hicho sauti mbalimbali, ya kale juu, mpya chini yake.

Taabu hasa ni sarafu ya senti tano, ambayo hulia karibu sawa na kishikio cha alumini cha kopo la soda. Basi anayekirekebisha chombo chake kikatae takataka hizo, huikataa na sarafu hiyo. Rai yangu ni kwamba mwanafunzi aanze bila ya kichujio chochote cha kukataa takataka, azifukie mchangani sarafu zake mwenyewe, kisha azipitie moja moja akisikiliza.