Unasihi katika Shule za Msingi za Mbeya na Iringa

Unasihi ni kazi ya kumsikiliza mtoto na kumpa nasaha kwa siri na huruma, ili nafsi yake itulie na akae kwa wema na wenziwe. Nao uliagizwa katika shule za Tanzania kwa Waraka wa Elimu Na. 11 wa 2002. Katika Mbeya na Iringa haja yake ni kubwa mno, kwa kuwa UKIMWI, ambao virusi vyake utafiti wa 2016–17 uliviona kwa zaidi ya watu wazima 9 katika kila 100 wa mikoa hiyo, umewaacha mayatima wengi mikononi mwa bibi zao, na mtoto aliyefiwa aghalabu huja darasani amenyamaza, akadhaniwa mvivu. Mnasihi ni mwalimu aliyeteuliwa, naye ana vipindi vyake kama wengine. Sheria ya Mtoto ya 2009 humkinga mtoto na mateso, lakini kanuni za 2002 za adhabu shuleni zaruhusu viboko visivyozidi 4. Na ni muhali mtoto kumfunulia moyo wake mwalimu ashikaye fimbo. Yafaa kila shule imteue mnasihi asiyechapa, impe na chumba cha faragha.