Tarihi ya Tundu la Panya wa Maabara

Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Granby, jimboni Massachusetts, Marekani, aliishi mwalimu mstaafu, Bibi Abbie Lathrop, ambaye baada ya biashara ya kuku kumwendea kombo aligeukia kufuga panya wadogo wa kuwauzia wapenda wanyama, akiwalaza juu ya majani makavu ndani ya masanduku ya mbao na kuwalisha oti na biskuti. Punde wataalamu wa Harvard wakaanza kununua kwake panya kwa ajili ya elimu ya urithi. Alifariki mwaka 1918, asidiriki kuona jinsi, mwaka 1921, Clarence Little alivyoanzisha kutokana na panya wake ukoo ule mweusi ambao hata leo ndio mashuhuri mno maabarani.

Majani makavu hayakuufuata ukoo huo. Kwa kuwa wataalamu walitaka kila panya alingane na mwenziwe, kwa damu na kwa maisha, waliona ni hekima kumweka katika tundu tupu, lenye maranda machache, chakula na maji, pasipo pa kujificha wala pa kupanda. Na kiumbe huyo, ambaye tabia yake ni kuchimba na kujenga kiota, akawa aghalabu akiguguna vyuma vya tundu usiku kucha, hata asiyepata kumwona panya wa shambani angedhani hiyo ndiyo desturi yake.

Huruma haikukosekana, kwani mwaka 1959 Waingereza Russell na Burch walitoa kitabu cha kuwahimiza wataalamu wapunguze idadi ya wanyama na maumivu yao, na kutafuta badala yao kila iwezekanapo. Lakini nathubutu kusema kwamba kilichofungua mlango wa kulibadili tundu hilo ni faida. Mwaka 1947 Donald Hebb wa Kanada alieleza kuwa panya wakubwa aliowalea nyumbani kwake, wakichezewa na wanawe, waliwashinda wa maabara katika mitihani ya akili; katika miaka ya 1960, wataalamu wa Berkeley wakaona kuwa panya waliolelewa pamoja na wenzao na vitu vya kuchezea walikuwa na gamba la ubongo zito zaidi; na mwaka 1997 Kempermann na Gage wakabainisha kwamba panya wadogo wa namna hiyo, ingawa ni wazima, huwa na seli mpya nyingi zaidi za ubongo. Basi tundu tupu, lililosifiwa kwa kutopotosha matokeo, lilikuwa limewapa wataalamu mnyama aliyedumaa!

Wapo waliohofia kwamba vikorokoro vingeharibu usawa wa majaribio, hata Hanno Würbel na wenzake walipoonyesha, mwaka 2004, kuwa sivyo. Fauka ya hayo, panya hustarehe penye joto la nyuzi 30 hivi, ilhali vyumba vya maabara huwa aghalabu kati ya 20 na 24. Kwa hiyo karatasi ya kujengea kiota kwake ni blanketi, si mchezo. Na mwaka 2010 Hurst na West wa Liverpool wakathibitisha kuwa kumwinua panya kwa mkia humtia hofu, bali akiingia mwenyewe katika neli akabebwa nayo hutulia. Neli hiyo ni ya bei ndogo, na yaweza kuachwa tunduni ikawa maficho. Hata hivyo wangali wapo wanaokamata mkia, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa.