Picha ambazo Daktari Newman hakuzitoa

Mwezi Juni 1972 mtu aliuawa kwa risasi jijini New York, katika eneo la Manhattan. Shahidi mmoja aliwaambia polisi kwamba sura ya muuaji haikuwa ngeni kwake. Aliwahi kumwona kwenye chumba cha kusubiri cha kliniki ya methadoni. Jina lake hakulijua. Polisi nao hawakulijua, lakini walijua jambo moja lililowatosha: kliniki ile ilikuwa na picha ya kila mgonjwa wake. Ofisi ya mwendesha mashtaka ikapeleka hati ya wito ikitaka picha za wagonjwa wote wa kliniki hiyo waliokuwa wanaume weusi wenye umri kati ya miaka 21 na 35.

Hati hiyo ilimfikia Robert Newman, daktari kijana aliyekuwa akisimamia mpango wa methadoni wa jiji zima. Newman alikataa kuzitoa. Mahakama ilimwona ameidharau, ikamhukumu kifungo cha siku 30.

Ili kuelewa kwa nini daktari alikuwa tayari kwenda jela kwa ajili ya rundo la picha, ni vizuri kuanzia pale dirishani, dawa inapotolewa. Methadoni hunywewa, aghalabu ikiwa imechanganywa na maji au sharubati, na dozi moja humkinga mraibu wa heroini dhidi ya arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, kwa muda wa siku nzima. Kesho yake anarudi tena. Muuguzi humkabidhi kikombe na kumwangalia mpaka ameze. Dozi anayoihitaji mtu aliyezoea inaweza kumuua asiyezoea, na dawa yenyewe ina soko mtaani. Kwa hiyo lazima muuguzi awe na hakika kwamba aliyesimama mbele yake ndiye mwenye dozi hiyo. Picha zilipigwa kwa sababu hiyo tu. Zilikuwa kinga ya mgonjwa, na sasa polisi walikuwa wakizitaka ili ziwe kitabu cha washukiwa.

Newman hakuwa akimtetea muuaji. Aliokuwa akiwatazama ni wale wengine wote, watu ambao kosa lao lilikuwa kwenda kutibiwa, wakiwa na rangi fulani na umri fulani. Waliahidiwa siri siku walipojiandikisha. Kama picha zao zingetoka mara moja, kila aliyekuwa bado mtaani akijidunga angejua kwamba mlango wa kliniki unaelekea kituo cha polisi.

Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika. Wamarekani waliotumia dawa za kulevya walikuwa na zaidi ya nusu karne ya sababu za kuogopa rejista.

Sheria ya Harrison ya 1914 iliweka biashara ya afyuni na kokeini chini ya Wizara ya Fedha, na iliagiza kwamba hati za dawa hizo ziwe wazi kwa wakaguzi wa serikali. Machi 1919 Mahakama Kuu ya nchi ikaamua kwamba daktari anayempa mraibu dawa ili tu asiingie kwenye arosto hatibu, anavunja sheria. Mwezi uliofuata Idara ya Afya ya New York ikafungua kliniki ya jiji katika mtaa wa Worth, na watu wapatao 7,500 wakajiandikisha kabla haijafungwa mwaka uliofuata. Miji mingine ipatayo 40 ilifungua kliniki kama hiyo. Kufikia 1923 karibu zote zilikuwa zimefungwa kwa shinikizo la maofisa wa serikali kuu. Dawa ilikatika, na majina ya waliojiandikisha yakabaki kwenye makabati.

Bunge la Marekani lenyewe lilionekana kulitambua tatizo hilo mapema. Mwaka 1929 lilipopitisha sheria ya kujenga hospitali za waraibu, liliweka kifungu kwamba kumbukumbu za anayekuja kwa hiari zitakuwa za siri. Hospitali ya kwanza ilifunguliwa Lexington, jimbo la Kentucky, mwaka 1935. Nusu ilikuwa hospitali na nusu gereza: wafungwa na waliokuja kwa hiari waliishi chini ya paa moja. Wengi wa waliokuja kwa hiari waliondoka kabla ya matibabu kukamilika. Ukazuka utaratibu wa kuwazuia wasiondoke. Mgonjwa alipelekwa mbele ya hakimu wa Kentucky, anakiri kwamba yeye ni mraibu, jambo lililokuwa kosa kwa sheria za jimbo hilo, na adhabu yake inakuwa kurudi hospitalini kwa muda mrefu. Mtu alikwenda mwenyewe kutafuta tiba, na maradhi yake yakageuzwa shtaka.

Mwaka huohuo wa 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, walevi wawili walianzisha kundi lililochagua njia ya mkato kabisa: kutoandika chochote. Alcoholics Anonymous walitumia jina la kwanza na herufi moja ya jina la ukoo. Hakukuwa na fomu wala faili. Utaratibu huo ulijaribiwa mapema, mwaka 1940, pale mchezaji mashuhuri wa besiboli Rollie Hemsley alipowatangazia waandishi wa habari kwamba ameacha pombe kwa msaada wa kundi hilo. Kikundi cha kusaidiana kinaweza kuendeshwa bila karatasi. Kliniki inayotoa dawa kali kila siku haiwezi.

Waingereza walikuwa na mtindo mwingine. Wizara yao ya Mambo ya Ndani ilitunza faharasa ya waraibu tangu miaka ya 1930, na kwa miaka mingi idadi ya majina ilikuwa ndogo kiasi kwamba mkaguzi mmoja aliweza kuwafahamu wengi wao. Ripoti ya kamati ya Lord Brain ya 1965 ilionyesha kwamba waraibu waliojulikana waliongezeka kutoka 454 mwaka 1959 hadi 753 mwaka 1964, na wa heroini kutoka 68 hadi 342. Kuanzia 1968 kila daktari aliyekutana na mraibu alilazimika kutoa taarifa kwa serikali ndani ya siku saba. Faharasa hiyo ilidumu hadi 1997. Mfumo wa takwimu uliokuja baadaye hauchukui majina kamili. Unachukua herufi za mwanzo za jina, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, kisha unahesabu. Waingereza walihitaji zaidi ya miaka 60 kukiri kwamba inawezekana kuwahesabu wagonjwa bila kuwataja majina.

Methadoni yenyewe kama tiba ya kudumu ilianza kwenye Taasisi ya Rockefeller, New York, mwaka 1964, kwa kazi ya Vincent Dole na Marie Nyswander. Ripoti yao ya kwanza, iliyotoka mwaka uliofuata, ilihusu wagonjwa 22. Kufikia 1972, chini ya Newman, kliniki za jiji zilikuwa zikihudumia maelfu. Siri ambayo madaktari wawili waliweza kuitunza kwa uaminifu wao tu, sasa ilikuwa mikononi mwa makarani, wauguzi, walinzi na makabati ya mafaili katika kila mtaa. Ilihitaji sheria.

Sheria ilikuwapo, lakini ilikuwa changa na haijapimwa. Mwaka 1970 Bunge liliruhusu mwanasheria mkuu wa serikali kuipa miradi ya utafiti wa dawa za kulevya haki ya kuficha majina ya wahusika hata mbele ya mahakama. Mwisho wa mwaka huohuo sheria nyingine, iliyosukumwa na Seneta Harold Hughes wa Iowa, ililinda kumbukumbu za waliotibiwa ulevi. Hughes mwenyewe aliwahi kuwa mlevi, na hakulificha jambo hilo. Machi 1972 ikaja sheria ya tatu, iliyoziba mwanya upande wa dawa za kulevya lakini ikaacha nafasi kwa mahakama kuamuru taarifa zitolewe kwa sababu nzito. Mwendesha mashtaka wa New York alidai kwamba hii ya tatu ilikuwa imeifuta ile ya kwanza. Mwaka 1973 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilikataa hoja yake. Ulinzi wa 1970 bado ulisimama, ilisema, na Newman alikuwa na haki ya kuzizuia picha. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya nchi ilikataa kuisikiliza rufaa.

Kanuni zilizotoka mwaka 1975 zilienda mbali kuliko ulinzi wowote wa faili za kawaida za hospitali. Kliniki ya waraibu haikuruhusiwa hata kukiri kwamba fulani ni mgonjwa wake. Mama akipiga simu kuuliza kama mwanawe amefika leo, karani hajibu ndiyo wala hapana. Ridhaa ya mgonjwa ilipaswa kuandikwa, ikitaja nani atapewa taarifa, kwa lengo gani, na lini ridhaa itakwisha. Hati ya polisi peke yake haikutosha. Ilihitajika amri maalumu ya jaji baada ya kupima madhara. Wapo madaktari waliolalamika, na wana hoja: mgonjwa anaweza kuandikiwa dawa inayogongana na methadoni kwa sababu daktari wake hajui kwamba anaitumia. Malalamiko hayo yalizaa mabadiliko ya 2020 na 2024, yanayomruhusu mgonjwa kutoa ridhaa moja kwa matibabu yake yote yajayo. Lakini katazo la kutumia faili lake kumshtaki limebaki pale pale.

Kompyuta nazo ziliingia mapema. Mwaka 1972 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kukusanya majina ya wote walioandikiwa dawa kali, hata za maumivu ya saratani. Nakala za cheti zilipelekwa Albany na kuhifadhiwa kwenye kanda za sumaku, ndani ya chumba kilichozungushiwa uzio wa waya na king'ora. Wagonjwa walikwenda mahakamani wakihofia kuitwa waraibu. Walishindwa mwaka 1977, majaji wote wakiwa upande wa jimbo, ingawa Jaji John Paul Stevens aliandika kwamba mahakama inaitambua hatari ya kulundika taarifa binafsi kwenye kompyuta za serikali.

Hatari iliyokuja baadaye haikuruka uzio ule. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliishtaki Monument, kampuni ya tiba ya ulevi kwa njia ya intaneti, kwa kuwapa watangazaji taarifa za wateja wake baada ya kuwaahidi usiri. Newman aliletewa hati ya wito, akapata nafasi ya kukataa. Wateja wa Monument hawakuona hati yoyote.

Afrika Mashariki iliupokea mtindo wa dirisha na kikombe Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni kwa msaada wa fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Zanzibar na mikoa mingine. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na baadaye Malindi na Mombasa. Kwa mteja wa Dar es Salaam aliyezoea kuishi maskani, yaani kwenye vijiwe vya watumiaji, akikimbia doria na kuogopa kuonekana na jirani, kujiandikisha kliniki kulikuwa uamuzi mzito. Februari 2017 uzito huo uliongezeka, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotaja majina ya watu hadharani, mbele ya kamera, akiwaagiza waripoti polisi kuhusu tuhuma za dawa za kulevya. Orodha hiyo haikutoka kliniki. Lakini mteja asiyejua tofauti kati ya orodha mbili hawezi kulaumiwa akikaa mbali na zote.

Kenya, wananchi wenyewe walisimama. Rais Uhuru Kenyatta alipoagiza mwaka 2015 yakusanywe majina ya wanafunzi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, asasi za kiraia zilikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo hilo linakiuka katiba. Katika miaka hiyohiyo ulipokuja mpango wa kutumia alama za vidole katika utafiti wa makundi yaliyo hatarini, wakiwemo wanaojidunga, vikundi vyao viliukataa. Hofu yao ilikuwa ileile ya Newman: kidole kikishahifadhiwa, polisi watakuja kukiuliza.

Sasa sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimewekwa humo katika kundi la taarifa nyeti. Kilichopungua ni mazoea ya kuuliza. Anayempeleka ndugu yake kliniki au kwenye nyumba ya upataji nafuu asiishie kuuliza gharama na muda wa kukaa. Aulize pia faili linatunzwa wapi, nani analifungua, picha na alama za vidole zinachukuliwa kwa kazi gani, na polisi wakija watajibiwa nini na nani. Na ajibiwe kabla ndugu yake hajaweka saini.