Dumuzi Aliyepanda Lori

Mwaka 1981 ilithibitishwa kwamba mdudu aliyekuwa akiteketeza mahindi katika maghala ya wakulima wa Tabora, hasa upande wa Urambo, hakuwa fukusi waliyemzoea. Alikuwa Prostephanus truncatus, mzaliwa wa Meksiko na Amerika ya Kati, mwenye urefu wa milimita 3 hadi 4.5, ambaye hadi muda mfupi kabla ya hapo hakuwa na makao Afrika. Wakulima hawakusubiri maabara. Walimwita dumuzi, na wengine Scania, jina la malori makubwa ya mizigo.

Kwa muda mrefu upotevu wa nafaka umesimuliwa kana kwamba mkosaji ni mkulima: kihenge chake kibovu, panya wake, uzembe wake. Mwaka 1975 Umoja wa Mataifa uliazimia kwamba upotevu wa chakula baada ya mavuno katika nchi zinazoendelea upunguzwe kwa nusu ifikapo 1985, na katika mijadala ya wakati huo hasara ya theluthi ya mavuno ilitajwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Lakini watafiti walipokwenda vijijini Zambia, Malawi na Kenya, wakapima ghala kwa ghala msimu mzima, walikuta kwamba mahindi yaliyopotea mikononi mwa mkulima mara nyingi yalikuwa kati ya asilimia 2 na 6 tu. Matokeo hayo yalistahili kusikika zaidi kuliko yalivyosikika.

Kihenge kilifanya kazi kwa sababu waliokisuka walimjua adui wao. Unyamwezini na Usukumani kilisukwa kwa fito, kikakandikwa udongo, kikainuliwa juu ya mawe au nguzo ili unyevu na mchwa visifike, na kikavikwa paa la nyasi. Ulezi, kwa punje zake ndogo mno kwa wadudu wengi, uliweza kukaa miaka kadhaa ukisubiri mwaka wa njaa. Mahindi yalianikwa yakiwa na maganda yake kwenye kichanja, na ya mbegu yakatundikwa juu ya jiko yapate moshi. Mbegu za kienyeji zilikuwa na punje ngumu na maganda yaliyofunga hadi nchani. Fukusi hapendi punje iliyokauka sana. Hazaani vizuri humo. Kukausha ndiko kulikokuwa ngome.

Katika miaka ya 1970 nafaka ilianza kusafiri kwa namna nyingine kabisa. Ukame wa 1973 hadi 1975 uliilazimu Tanzania kuagiza chakula kingi kutoka ng'ambo, wakati huohuo mamilioni ya watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Bei moja ya mahindi kwa nchi nzima iliwavuta wakulima wa Rukwa, Ruvuma, Mbeya na Iringa kulima kwa wingi, mamia ya kilomita kutoka kwa walaji wa Dar es Salaam. Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua, lakini malori, vipuri na mafuta vilikuwa haba. Magunia yalisubiri kwenye vituo vya ununuzi, na kwa mengine mvua zilianza kabla lori halijafika. Mzigo wa namna hiyo kihenge hakikuwahi kutarajiwa kuubeba.

Wataalamu wengi wanaamini kwamba dumuzi aliingia mwishoni mwa muongo huo ndani ya mahindi ya msaada. Alikuta ghala lililojengwa dhidi ya adui mwingine. Ukavu haukumsumbua: anaweza kuzaana katika punje yenye unyevu wa asilimia 9 tu. Mahindi yaliyoachwa kwenye magunzi yalimfaa kuliko yaliyopukuchuliwa, kwani gunzi humpa pa kujishikiza anapotoboa. Alikula makopa ya muhogo, akatoboa hata miti ya kichanja chenyewe. Utafiti uliofanyika Tabora baada ya kugunduliwa kwake ulikuta hasara zilizofikia asilimia 34 ya uzito katika muda wa miezi 3 hadi 6. Familia ilifungua kihenge ikakuta vumbi la unga lisilolika.

Kuanzia hapo ramani yake ni ramani ya biashara. Mwaka 1983 alionekana Taveta. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, ukafunguliwa Novemba 1983, lakini mahindi hayakuacha kupita njia za panya. Mwaka 1984 alikuwa Burundi, na mwaka huohuo akaonekana Togo, ambako inaaminika alifika kwa safari nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawa Malawi, Rwanda na Zambia.

Tiba iliyopelekwa vijijini ilidai mkulima aache desturi ya kuhifadhi mahindi kwenye magunzi: apukuchue mavuno yote mapema, achanganye na dawa ya unga yenye viambato viwili, kimoja cha dumuzi na kingine cha fukusi, kisha ahifadhi. Ilisaidia sana. Ila kupukuchua kwa mkono ni kazi ndefu, na iliwaangukia zaidi wanawake. Wataalamu walimleta pia kutoka Amerika ya Kati mdudu anayemla dumuzi, Teretrius nigrescens, wakamwachia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Hatuwezi kutegemea kummaliza dumuzi, maana mitego imemnasa hata katika misitu ya Kenya, mbali na mashamba ya mahindi.

Sasa iko mifuko isiyopitisha hewa, ambamo mdudu hufa kwa kukosa oksijeni, nami nafurahi kila ninapoona duka la kijijini likiiuza. Lakini mahindi ya Rukwa na Ruvuma yanayokwenda masoko ya mbali bado husafiri katika viroba vya kawaida. Kiroba kikirudi kitupu bila kukung'utwa wala kuanikwa juani, kinaweza kumrudisha dumuzi kwenye ghala lililosafishwa jana. Fedha za ukaguzi na utafiti ningetaka zianzie hapo: kwenye viroba vinavyorudi, maghala ya masoko na mabodi ya malori.